Darubini ya bunduki: Usinunue inayovuta mbali, nunua inayoshika shabaha

KUNA kosa moja linalorudiwa kila msimu wa uwindaji unapokaribia. Mtu mwenye leseni halali, na bunduki nzuri aliyoinunua kwa fedha ya mavuno, huingia dukani au humwagiza ndugu yake anayesafiri amletee darubini ya bunduki "inayovuta mbali kuliko zote". Bei ikiwa ndogo, furaha huwa kubwa zaidi.

Wiki chache baadaye yuko porini. Jua linazama, swala pala amesimama umbali wa mita 80, na ndani ya darubini mwindaji haoni kitu isipokuwa giza na manyoya yanayotikisika. Anafyatua. Mnyama anaruka, anaingia kichakani, na matone ya damu yanapotea kabla ya giza kuingia.

Hasara ya risasi hiyo moja ni kubwa. Mnyama atakufa polepole au ataliwa na fisi, ada ya leseni imepotea na nyama haikufika nyumbani. Na kama aliyejeruhiwa ni nyati, hatari inabaki kichakani ikimsubiri mtu mwingine, huenda mama aliyekwenda kuokota kuni ambaye hajui lolote kuhusu risasi ya jana.

Darubini ya bei nafuu inaweza kufanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hulipia kitu wasichokihitaji, yaani nguvu ya kuvuta mbali, na kusahau kile wanachokihitaji: darubini inayobaki pale ilipowekwa, na inayoonyesha mnyama vizuri mwanga unapopungua.

Sheria kwanza

Kabla ya kuzungumzia vioo na pete, mwindaji anapaswa kujua anasimama wapi kisheria. Nchini Tanzania uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na umiliki wa bunduki unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya kumiliki bunduki haimpi mtu ruhusa ya kuwinda. Leseni ya kuwinda hutaja mnyama, idadi na eneo, na nje ya hapo ni ujangili.

Uwindaji wa usiku na matumizi ya taa ya kumulika wanyama haviruhusiwi bila kibali maalumu. Kwa hiyo anayeshawishiwa kununua darubini ya kuonea gizani, au yenye tochi juu yake, ajue kwamba ananunua matatizo. Ni busara kuuliza polisi wanaoshughulikia leseni za silaha, pamoja na ofisa wanyamapori wa wilaya, kabla ya kuagiza kifaa chochote cha aina hiyo.

Mkulima ambaye shamba lake linavamiwa ana haki ya kulinda maisha na mali yake, lakini mnyama akiuawa kwa sababu hiyo, taarifa lazima itolewe kwa mamlaka na nyara ni mali ya Serikali. Hali kadhalika, aliyejeruhi mnyama hatari anatakiwa kufanya kila juhudi ya kummaliza, na akishindwa, atoe taarifa bila kuchelewa.

Kwa upande wa Kenya, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mkazi wa mpakani asidhani kwamba leseni yake ya Tanzania inavuka mpaka pamoja naye.

Namba zina maana gani?

Kwenye boksi la darubini kuna namba kama 3-9x40 au 4x32. Namba zilizo kabla ya alama ya x zinaeleza darubini inavuta mara ngapi. Ile ya 3-9 inaweza kugeuzwa kutoka mara tatu hadi mara tisa, na ile ya 4 haigeuki. Namba iliyo baada ya x ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Kwa darubini inayovuta mara nne, mnyama aliye mita 100 anaonekana kana kwamba yuko mita 25. Hiyo inatosha kabisa kwa swala, tohe, ngiri au kongoni. Katika mapori ya miombo ya Tabora, Katavi au Rukwa, miti na nyasi huzuia macho, na nafasi nyingi za kupiga hupatikana ndani ya mita 100 hivi. Anayetaka darubini ya kuvuta mara 16 au 24 kwa pori kama hilo ni sawa na mkulima wa ekari moja anayenunua trekta la shamba la mkonge.

Tena, kuvuta kukizidi, kuna madhara. Eneo linaloonekana huwa dogo, mwindaji hutafuta mnyama ndani ya darubini na kumkosa. Kila pumzi na kila pigo la moyo huonekana kama tetemeko. Nyati akigeuka na kuja, mtu anayechungulia kwa nguvu ya mara tisa ataona ngozi nyeusi tupu bila kujua ni bega au ni tumbo.

Kwa mwindaji wa kawaida, chaguo salama ni 3-9x40, 2-7x32 au ile ya 4x32 isiyogeuka. Hiyo ya mwisho ina sehemu chache za kuharibika, na kwa bei ileile mara nyingi huwa imara kuliko yenye mbwembwe nyingi.

Hesabu ya machweo

Wanyama wengi hutoka kula alfajiri na jioni, na hapo ndipo darubini hupimwa. Kuna hesabu rahisi ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya dukani. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa nguvu ya kuvuta. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho.

Darubini ya 3-9x40 ikiwekwa kwenye 9, jibu ni milimita 4.4. Ikirudishwa kwenye 4, jibu ni milimita 10. Mboni ya jicho la kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, na ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi haizidi 5. Ina maana kwamba mwindaji anayeona giza jioni hahitaji kununua darubini mpya. Ageuze pete ya kuvuta na kuirudisha kwenye 4 au 5, na mnyama ataonekana.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini lenzi kubwa ya milimita 50 au 56 si ya lazima. Huongeza uzito na bei, na hulazimisha darubini kufungwa juu zaidi, kiasi kwamba shavu la mwindaji haligusi tena kitako cha bunduki. Mtu asiyeegemeza shavu halengi vizuri.

Fedha iende wapi?

Katika masoko ya nje kama Marekani, darubini za uwindaji za daraja la kwanza la kuaminika huuzwa kati ya dola 100 na 300, kabla ya usafiri na ushuru. Kampuni kama Bushnell, Vortex na Leupold zina bidhaa katika kundi hilo. Nikon ilitangaza kuachana na darubini za bunduki mwishoni mwa mwaka 2019, lakini zilizotumika bado zinauzwa, na nyingi ni nzuri.

Chini ya hapo kuna darubini za bei ya kutupa, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya bunduki za upepo au za kuchezea. Zikifungwa kwenye bunduki ya .30-06, kishindo chake hulegeza msalaba wa ndani baada ya risasi chache. Kwenye .375, ambayo teke lake ni kubwa zaidi, zinaweza kuvunjika siku ya kwanza.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Darubini inayojitangaza kwa taa nyekundu na kijani, vifundo vikubwa na namba ya kuvuta mara 24 kwa bei ya mfuko mmoja wa mbolea, inajitembeza.

Ushauri wa kugawa fedha ni huu: chukua darubini ya kawaida isiyo na mapambo, halafu fedha iliyobaki inunue pete na vishikizo imara vya chuma, pamoja na risasi za kutosha za kufanyia mazoezi. Wawindaji wengi hufanya kinyume. Hutumia kila kitu kwenye darubini na kuifunga kwa pete laini zinazolegea, kisha hulaumu vioo.

Kukagua dukani

Mnunuzi asione aibu kuchukua muda. Atoke na darubini hadi mlangoni penye mwanga wa nje na afanye ukaguzi ufuatao:

Kwanza, aangalie ukingo wa ukuta au nguzo ya umeme. Mstari ulionyooka uonekane umenyooka hadi pembeni. Ukipinda au ukiwa na ukungu, vioo ni duni.

Pili, apime umbali wa jicho. Picha nzima ionekane jicho likiwa sentimita 8 hadi 10 nyuma ya lenzi. Kwa bunduki yenye teke kubwa, isipungue 9. Wenye alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi wanajua gharama ya kupuuza jambo hili.

Tatu, ageuze vifundo viwili vya kurekebishia, cha juu na cha pembeni. Kila hatua itoe mlio mdogo unaosikika na kuhisiwa kidoleni. Kifundo kinachozunguka kama bomba lililokwisha uzi hakifai.

Nne, achungulie ndani kutoka upande wa mbele akitafuta vumbi, nywele, au kuvu inayofanana na utando wa buibui. Katika ukanda wa Pwani, kuvu ni adui mkubwa wa darubini zilizotumika.

Tano, aulize kama ndani imejazwa gesi ya naitrojeni ya kuzuia ukungu, na dhamana inatekelezwaje. Dhamana ya maisha inayomtaka mteja arudishe bidhaa ng'ambo kwa gharama zake huenda ikagharimu karibu sawa na darubini yenyewe.

Mfanyabiashara anayefikiria kuuza bidhaa hizi naye ajifunze ukaguzi huohuo. Darubini bandia zenye majina makubwa zipo sokoni, na mteja aliyepoteza nyati wake hasahau duka. Aidha, biashara ya silaha na vifaa vyake ina masharti yake ya leseni, hivyo aanzie polisi kabla ya kuweka oda.

Kufunga

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha bunduki haina risasi, kisha kuhakikisha tena. Matundu ya skrubu na skrubu zenyewe zisafishwe mafuta. Darubini iwekwe chini kadiri inavyowezekana bila lenzi kugusa mtutu, na jicho likae mahali pake mtu akiwa amelenga kwa kawaida, shavu likiwa juu ya kitako. Msalaba usimame wima. Kamba yenye jiwe iliyoning'inizwa mbali kidogo hutosha kupimia.

Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kubadilishana pande, kama mtu anavyofunga nati za gurudumu. Zikizidishwa nguvu, bomba la darubini huminywa. Mwisho, tone dogo la rangi ya kucha liwekwe kati ya kichwa cha skrubu na pete. Skrubu ikilegea njiani, rangi itapasuka na mwindaji atajua kabla ya kufyatua.

Kurekebisha shabaha

Hapa ndipo darubini ya bei nafuu huthibitisha thamani yake. Kazi hii ifanyike kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, penye kingo ya udongo nyuma ya shabaha.

Bunduki tupu iwekwe juu ya mifuko ya mchanga na bolti itolewe. Mlengaji achungulie ndani ya mtutu na kuelekeza tundu lake kwenye alama iliyo mita 25. Bila kuisogeza bunduki, ageuze vifundo hadi msalaba uangukie alama hiyohiyo. Hatua hii haigharimu risasi hata moja.

Kisha apige risasi tatu kwa utulivu na kutafuta katikati ya matundu. Darubini nyingi huandikwa 1/4 MOA. MOA moja ni dakika moja ya pembe, ambayo kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Kwa hiyo kila mlio mmoja husogeza risasi milimita 7 hivi kwa mita 100, na chini kidogo ya milimita 2 kwa mita 25. Risasi zikipiga sentimita 7 kushoto kwa mita 25, inahitajika milio karibu 40 kwenda kulia.

Kwa mita 25, risasi ziachwe chini ya alama kwa sentimita moja au mbili, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu. Baada ya hapo ahamie mita 100 na kumalizia. Mtutu uachwe upoe kati ya mafungu, maana mtutu wa moto hudanganya. Risasi ziwe za aina na uzito uleule zitakazotumika porini.

Bunduki ya .30-06 yenye risasi ya kawaida ya greni 180, ikiwekwa sawa kwa mita 100, itapiga chini kwa sentimita kumi na kadhaa ikifika mita 200. Asiyepima jambo hili uwanjani asijaribu umbali huo kwa mnyama hai.

Kuna jaribio jingine la kujua kama darubini inashika. Bunduki tupu ikiwa imetulia kwenye mifuko ya mchanga, lenga karatasi yenye miraba iliyo umbali wa mita 50. Geuza kifundo milio 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Msalaba unapaswa kutembea karibu sentimita 7 kila upande na kurudi palepale ulipoanzia. Usiporudi, irudishe darubini dukani siku hiyohiyo.

Porini

Mwindaji akitembea, pete ya kuvuta iwe kwenye namba ya chini kabisa. Mnyama wa ghafla huwa karibu. Akiwa mbali, kuna muda wa kuigeuza.

Darubini ya bunduki isitumike kutafutia wanyama. Anayechungulia kichaka kwa darubini ya bunduki amekielekezea mtutu, na ndani ya kichaka anaweza kuwepo mrina asali au mtoto anayechunga. Kazi ya kutafuta ni ya darubini ya macho mawili au ya macho matupu. Bunduki inyanyuliwe baada ya mnyama kutambulika, na nyuma yake kujulikana kuna nini.

Baada ya safari ndefu kwenye barabara ya makorongo, au bunduki ikianguka, shabaha ipimwe upya. Risasi moja ya kuhakikisha ni rahisi kuliko mnyama mmoja aliyejeruhiwa.

Shabaha sahihi ina faida mezani pia. Risasi inayopita bega na kufika kwenye moyo au mapafu huacha nyama safi, lakini inayopasua tumbo huichafua. Tangu mwaka 2020 Tanzania ina kanuni zinazoruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyamapori, na mwenye bucha anajua kwamba mzoga uliopasuliwa tumbo ni hasara kabla hata ya kuwekwa kwenye mzani.

Kutunza

Vumbi la kiangazi ni mchanga mdogo, na mtu anayefuta lenzi kwa shati anaikwangua. Vumbi lipulizwe au liondolewe kwa brashi laini kwanza, kisha lenzi ifutwe kwa kitambaa safi cha miwani. Bunduki isibebwe kwa kushika darubini. Nyumbani, hasa wakati wa masika, isiachwe kwenye mfuko wa ngozi unaotunza unyevu. Ikauke kwanza, halafu vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu viwekwe pamoja nayo.

Mwenye fedha kidogo anaweza kuwinda vizuri kuliko mwenye nyingi. Anahitaji darubini ya mara nne, pete zisizolegea, na mchana mzima wa kupima shabaha kabla ya kuingia porini. Na kama jioni imefika, mnyama haonekani vizuri na moyo una shaka, aiteremshe bunduki. Leseni itakuwepo kesho asubuhi, na mnyama ambaye hajajeruhiwa atakuwepo pia.